Uboreshaji wa shokapu kwenye magari ya zamani

Uboreshaji wa shokapu ni kazi ya kuondoa shokapu zilizochakaa kwenye gari lililotumika miaka mingi na kufunga nyingine zenye uwezo mkubwa zaidi wa kutuliza mitikisiko, pamoja na kurekebisha vifaa vingine vinavyofanya kazi nazo. Nchini Tanzania kazi hii hufanyika zaidi kwenye magari madogo ya Kijapani ambayo yaliingizwa nchini yakiwa yameshatumika.

Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya mto Ruvuma, kazi hii ina umuhimu wa pekee. Gari moja linaweza kupita lami, changarawe, mchanga mzito na hewa ya chumvi ndani ya siku moja. Wamiliki wengi hutaka gari "linyanyuke" au "liwe gumu", lakini mambo hayo mawili si sawa na gari kutulia barabarani.

## Kazi ya shokapu

Uzito wa gari hubebwa na springi, si shokapu. Gurudumu linapopanda jiwe, springi hujibana na kuhifadhi nishati. Jiwe likishapita, springi huachia nishati hiyo. Kama hakuna kitu cha kuizuia, bodi ya gari ingeendelea kupanda na kushuka mara nyingi, kama jiwe lililoning'inizwa kwenye springi katika maabara ya shule.

Shokapu hupinga mwendo huo. Ndani yake kuna bomba lenye mafuta, na pistoni iliyofungwa kwenye fimbo ya chuma. Gurudumu likicheza, pistoni husukumwa ndani ya mafuta, na mafuta hulazimika kupenya kwenye matundu madogo na valvu. Upinzani huo hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Ndiyo sababu shokapu nzima huwa ya moto baada ya safari ndefu kwenye barabara mbovu, na ile iliyokufa hubaki baridi.

Bodi ya gari dogo hucheza takriban mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, ilhali gurudumu lenyewe hucheza takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Shokapu inatakiwa kutuliza mitikisiko yote miwili. Ikiwa laini mno, bodi huyumba kama mashua. Ikiwa ngumu mno, gurudumu hurukaruka juu ya mikunjo ya barabara badala ya kuifuata.

Jambo hili ni la usalama kabla ya kuwa la starehe. Breki na usukani hufanya kazi kupitia sehemu ndogo ya tairi inayogusa ardhi, yenye ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Tairi lililo hewani haliwezi kusimamisha gari wala kuligeuza, hata kama breki ni mpya.

## Strati na shokapu ya kawaida

Mafundi wengi huita vifaa vyote viwili "shokapu", lakini kuna tofauti.

* Shokapu ya kawaida hutuliza mitikisiko tu. Springi hukaa mahali pengine, na gurudumu hushikwa na mikono yake. Ikitolewa, gari bado husimama.
* Strati ni shokapu iliyo pia nguzo ya gurudumu. Springi hukaa juu ya kikombe kilichochomelewa kwenye bomba lake, chini hufungwa kwenye kibebeo cha gurudumu, na juu hushikwa kwenye bodi kwa maunti ya raba. Kwenye magurudumu ya mbele maunti hiyo huwa na beringi ili strati izunguke usukani unapokatwa.

Kwa kuwa strati hushika gurudumu, fimbo yake hupokea nguvu za pembeni wakati wa kukata kona na kufunga breki. Fimbo iliyopinda kidogo, au bomba lililolika ndani, hubadilisha mkao wa gurudumu na huanza kula tairi. Kwa hiyo strati mbovu huleta madhara mengi kuliko shokapu ya kawaida iliyochoka.

Magari mengi madogo yanayoonekana katika mitaa ya Mtwara, kama Toyota Corolla, Toyota IST, Toyota Probox na Toyota Noah, yana strati mbele. Saluni za Corolla za miaka ya 1990 zina strati hata nyuma. Toyota Mark II ya miaka hiyohiyo hutumia mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa kila gurudumu la mbele. Vifaa vyake na kazi ya kuvibadilisha ni tofauti.

## Historia

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari yalitumia vifaa vya msuguano, yaani sahani zilizobanwa pamoja, kupunguza mchezo wa springi. Baadaye vilichukuliwa nafasi na vifaa vya mafuta, na hatimaye na shokapu ya bomba inayotumika mpaka leo.

Strati ya kisasa huhusishwa na mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson (1891–1960). Aliibuni katika kampuni ya General Motors baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya gari dogo la Chevrolet ambalo mradi wake ulifutwa mwaka 1947. Baadaye alihamia Ford, na muundo wake ukatumika katika magari ya Ford Consul na Ford Zephyr yaliyoonyeshwa London mwaka 1950. Ulienea kwa sababu una vipande vichache, ni wa gharama nafuu kutengeneza, na huacha nafasi kubwa ya injini. Toyota Corolla ya kwanza, ya mwaka 1966, ilikuwa na strati mbele.

Katika Afrika Mashariki muundo huu ulijaribiwa vikali katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404, iliyokuwa na strati mbele, ilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. Datsun 240Z, yenye strati mbele na nyuma, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba strati inaweza kuhimili barabara za vumbi, mradi imetengenezwa na kutunzwa kwa kazi hiyo.

## Aina za shokapu za kubadilishia

Shokapu zinazouzwa kwa ajili ya magari ya zamani zinaweza kupangwa katika makundi manne.

* Bomba mbili za mafuta tu. Bomba la ndani lina pistoni. La nje ni akiba ya mafuta. Ni laini na za bei nafuu. Udhaifu wake ni kwamba zikifanyishwa kazi mfululizo, hewa iliyomo huchanganyika na mafuta na kufanya povu. Povu hupita kwenye valvu kirahisi, na shokapu hulegea ghafla katikati ya safari, kisha hurudi kawaida ikipoa.
* Bomba mbili zenye gesi. Muundo ni uleule, lakini juu ya mafuta huwekwa naitrojeni yenye mgandamizo mdogo badala ya hewa. Gesi huzuia povu. Kwa gari dogo la kawaida hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kwa gharama ya wastani.
* Bomba moja zenye gesi. Mafuta na naitrojeni hutenganishwa na pistoni inayoelea, na mgandamizo wa gesi hufikia takriban ba 20 hadi 30. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani iliziingiza kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Hupoa haraka kwa sababu bomba lenye mafuta linaguswa moja kwa moja na hewa. Hata hivyo bomba hilo likibonyezwa na jiwe, pistoni hukwama.
* Zinazorekebishika. Baadhi hubadilishwa ugumu kwa kuzungusha kitufe, na nyingine, zinazoitwa koilova, hubadilishwa pia kimo. Nyingi zimetengenezwa kwa lami laini na kwa gari lililoshushwa. Mwendo wake ni mfupi, kwa hiyo hazifai barabara yenye mashimo.

Miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana ni KYB (zamani Kayaba) ya Japani, Monroe ya Marekani, na Koni ya Uholanzi. KYB hutengeneza shokapu zinazofungwa kiwandani kwenye magari mengi ya Kijapani.

Kuna dhana kwamba shokapu ya gesi "hunyanyua" gari lililolala. Hesabu ndogo huonyesha ukweli wake. Fimbo yenye kipenyo cha mm 20 ina eneo la sentimita za mraba 3.14. Gesi yenye mgandamizo wa ba 5 husukuma kwa nguvu ya niutoni 50 kwa kila sentimita ya mraba, yaani jumla ya niutoni 157, sawa na uzito wa kilo 16 hivi. Kwa springi inayohitaji niutoni 25 ili kubonyea mm 1, gari litapanda mm 6 tu. Gari lililolala kwa sentimita 3 au 4 linahitaji springi, si shokapu.

## Mazingira ya Mtwara na maingilio ya Ruvuma

Ukanda huu una hali kadhaa zinazochosha sasipensheni, yaani mfumo mzima wa springi, shokapu na mikono, kwa namna tofauti.

Safari ndefu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni karibu km 560. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kipande cha Ndundu–Somanga, chenye takriban km 60, kilichelewa zaidi kupata lami. Lami imefupisha safari lakini pia imeongeza mwendo kasi. Gari linalokwenda kilomita 80 au 100 kwa saa na kukutana ghafla na shimo au tuta hupokea pigo kubwa kuliko lile lililokuwa likitambaa kwenye tope. Mvua nazo hurudisha hali ya zamani: mwezi Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa.

Mikunjo ya changarawe. Barabara za vumbi za kupanda nyanda za Makonde, na zile za kwenda vijiji vya mpakani, hufanya mikunjo midogo kama ya bati. Mikunjo hii hufanya shokapu icheze mara nyingi kwa sekunde kwa muda mrefu. Hapa ndipo mafuta hupata joto na povu hutokea.

Mchanga. Njia za Msimbati na Ruvula, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, zina mchanga mlaini. Mchanga wenyewe hauvunji shokapu kwa pigo, ila huingia chini ya kava ya vumbi, hushika kwenye fimbo yenye mafuta, na kukwaruza sili. Sili ikishakwaruzwa, mafuta huanza kuvuja.

Chumvi. Magari yanayoendeshwa ufukweni, au kuegeshwa karibu na bahari kila siku, hupata kutu kwenye kikombe cha springi na kwenye mzunguko wa mwisho wa springi yenyewe, ambako mchanga mbichi hukaa. Springi hukatika hapo kwanza. Kipande kilichokatika kinaweza kuchana tairi gari likiwa kwenye mwendo.

Mzigo. Wakati wa msimu wa korosho, unaoanza mwishoni mwa mwaka, magari madogo hubebeshwa magunia. Springi za nyuma hulala, taa za mbele hutazama juu, na magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito wa kushika barabara.

## Dalili za uchakavu

Dalili zinazotegemeka ni hizi:

* mafuta mabichi yanayochuruzika kwenye bomba (unyevu mwembamba wenye vumbi karibu na sili si lazima uwe uvujaji);
* tairi kuliwa kwa mabonde-mabonde kuzunguka duara lake;
* pua ya gari kuzama sana breki zikifungwa;
* gari kuendelea kucheza baada ya kupita tuta;
* usukani kuyumba kwenye kona yenye mikunjo.

Njia ya kubonyeza boneti na kuangalia gari linacheza mara ngapi husaidia kutambua shokapu iliyokufa kabisa. Haiwezi kutambua iliyopoteza nusu ya nguvu, kwa kuwa mkono wa mtu hausukumi kwa kasi ya barabara.

Mlio wa kugonga si dalili ya uhakika. Mara nyingi kugonga kwenye mashimo madogo hutoka kwenye linki za stabilaiza, bushi za mkono wa chini (wishiboni), boljointi au maunti ya juu. Linki ya stabilaiza ni ya bei ndogo kuliko strati. Mmiliki anayebadilisha strati mbili kwa sababu ya mlio, kisha akakuta mlio umebaki, amepoteza fedha ambazo zingeweza kununua linki, bushi na kupima magurudumu.

## Spesa na kunyanyua gari

Njia inayopendwa sana Tanzania ya kukwepa kugusa chini ni kuweka spesa, yaani kipande cha chuma, alumini au raba ngumu kinachoongeza kimo. Hufungwa ama chini ya springi, ama kati ya maunti na bodi. Bei yake ni ndogo na matokeo huonekana palepale. Lakini spesa haiongezi nguvu ya springi wala ya shokapu.

Mfano: gurudumu moja linabeba kilo 300, takriban niutoni 3000. Springi ya niutoni 25 kwa mm hubonyea mm 120. Ikiwekwa spesa ya mm 30, springi bado itabonyea mm 120, kwa sababu uzito haukubadilika. Gari limepanda mm 30, ila ugumu ni uleule.

Kinachobadilika ni nafasi ya shokapu. Tuseme gari likiwa limesimama, fimbo ilikuwa imebakiza mm 70 za kurefuka gurudumu linapoingia shimoni. Spesa ikiwekwa chini ya springi, zinabaki mm 40. Gurudumu likishuka kwenye shimo la kina zaidi ya hapo, fimbo hufika mwisho wake na kugonga kwa ndani. Pigo hilo hurudiwa mara nyingi kwa siku, na shokapu mpya hufa mapema. Mmiliki husema shokapu zilikuwa feki, kumbe zilikuwa zikipigwa kila shimo.

Spesa ya juu ya maunti haipunguzi mwendo huo wa fimbo. Badala yake husukuma gurudumu lote chini. Mkono wa chini huinama, boljointi na sivi jointi hufanya kazi kwenye pembe kali, na mpira wa breki huvutwa. Magurudumu hubadilisha mwelekeo, kwa hiyo tairi huliwa upande mmoja. Kitovu cha uzito nacho hupanda, na gari huinama zaidi kwenye kona.

Kwa sababu hizo, spesa nyembamba inaweza kuvumilika ikiwa magurudumu yatapimwa upya, lakini spesa nene au zilizopangwa mbili-mbili ni hatari. Njia sahihi ya kupata kimo ni springi ndefu au ngumu kidogo zilizotengenezwa kwa gari hilo, pamoja na shokapu zenye mwendo unaolingana nazo. Kubadili tairi kwa saizi ndefu kidogo iliyoruhusiwa na mtengenezaji pia husaidia.

## Kuchagua mpangilio

Uboreshaji mzuri huanza na swali la gari linafanya kazi gani.

* Gari la familia au teksi ya mjini Mtwara na Mikindani: springi za kawaida zenye afya, shokapu za bomba mbili zenye gesi, na bushi mpya hutosha.
* Gari linalosafiri Dar es Salaam mara kwa mara: shokapu za gesi za daraja la juu magurudumu yote manne, pamoja na tairi zenye uwiano mzuri wa hewa.
* Gari la mzigo la vijijini: springi za nyuma zenye nguvu zaidi kwanza, ndipo shokapu zinazolingana nazo. Shokapu laini kwenye springi ngumu hushindwa kuzuia mrudisho, na gari hurushwa nyuma.
* Gari la kwenda Msimbati na Ruvula: kava za vumbi nzima, ukaguzi wa kutu, na kimo cha kiwandani. Kwenye mchanga, kupunguza hewa ya tairi kwa kiasi husaidia kuliko kunyanyua bodi, mradi hewa irudishwe kabla ya kuingia kwenye lami.

Fedha zikiwa chache, mpangilio wa kutumia ni huu: kwanza tairi na breki, pili boljointi na bushi, tatu shokapu, nne springi kama zimelala au zimekatika, na mwisho kupima magurudumu, jambo ambalo halipaswi kurukwa. Shokapu ya bei kubwa iliyofungwa juu ya bushi zilizokufa haina kitu imara cha kushika.

## Ufungaji

Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, za mbele au za nyuma. Kubadilisha moja huacha upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwingine, na gari huvuta breki zinapofungwa kwenye barabara mbovu.

Hatari kubwa ya kazi hii ni springi. Springi ya niutoni 25 kwa mm iliyobanwa mm 100 husukuma kwa niutoni 2500 na kuhifadhi nishati ya juli 125, sawa na mzigo wa kilo 12.5 unaodondoka kutoka kimo cha mita 1. Nati ya juu ikifunguliwa bila springi kubanwa kwa vibanio maalumu, maunti huruka na inaweza kuvunja taya au kuua. Kamba, waya wa kufungia na minyororo si mbadala wa vibanio.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Gari huegeshwa sehemu tambarare, hunyanyuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi. Halifanyiwi kazi likishikwa na jeki peke yake.
2. Bolti za chini za strati huwekewa alama kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa mkao wake huamua mlalo wa gurudumu.
3. Mpira wa breki na waya wa sensa hutolewa kwenye vishikio vyake ili visivutwe.
4. Springi hubanwa kwa vibanio viwili vilivyokaa pande mbili zinazotazamana, ndipo nati ya juu hufunguliwa.
5. Strati mpya ya bomba mbili hushikwa wima, fimbo ikisukumwa na kuvutwa taratibu mara 3 au 4 ili hewa itoke kwenye mafuta.
6. Raba ya kizuizi, kava ya vumbi na, inapowezekana, maunti na beringi mpya hufungwa pamoja nayo.
7. Ncha ya springi hukaa kwenye hatua yake ndani ya kikombe.
8. Bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa hewani, raba ya bushi hubaki imejisokota na huchanika mapema.
9. Magurudumu hupimwa mwelekeo na mlalo.

Fimbo haishikwi kwa koleo. Mkwaruzo mmoja kwenye kromiamu yake hukata sili kila inapopita.

Ufundi huu hufundishwa katika vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vya VETA ambayo ina chuo mjini Mtwara, lakini mafundi wengi huupata kwa kujifunza kazini gereji.

## Spea bandia na za mtumba

Spea nyingi zinazofika Mtwara hupitia Dar es Salaam, hasa maduka ya Gerezani, Kariakoo na Ilala. Shokapu za mtumba zilizotolewa kwenye magari ya Japani zinaweza kuwa nzuri, ila hali ya ndani haionekani. Majaribio machache husaidia: fimbo isiwe na mikwaruzo wala kutu, isukumwe mpaka chini bila kukwama na bila kupata sehemu iliyolegea ghafla, na kwa shokapu ya gesi, irudi juu yenyewe. Isiporudi, gesi imetoka.

Shokapu bandia huigwa boksi na rangi, si valvu. Dalili zake ni uchomeleaji wa ovyo kwenye kikombe, namba ya spea isiyolingana na gari, na bei ya chini kupita kawaida. Nchini Tanzania udhibiti wa bidhaa bandia uko chini ya Tume ya Ushindani (FCC), na viwango vya ubora viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kutoboa bomba la shokapu iliyokufa, kuijaza mafuta ya gia na kulichomelea hakuirudishii uwezo wake. Mafuta ya gia ni mazito mno kwa valvu zake, sili iliyovuja bado ni ileile, na uchomeleaji kwenye bomba lenye gesi unaweza kulipasua.

## Matunzo

Baada ya kupita ufukweni au kwenye maji ya bahari, gari huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa ndani ya matao ya magurudumu na kwenye vikombe vya springi. Kava za vumbi zilizochanika hubadilishwa mara moja. Bolti za strati hukaguliwa baada ya wiki chache za kwanza. Ukaguzi kabla ya masika na kabla ya msimu wa korosho huwezesha kasoro kuonekana wakati gari bado linaweza kusimama bila kukatisha kazi.

## Usalama na sheria

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Gari lililonyanyuliwa kupita kiasi, au lenye springi zilizokatwa ili kulishusha, linaweza kukataliwa katika ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani. Kwa gari la abiria kasoro hiyo si ya mmiliki peke yake: abiria hana njia ya kujua kama tairi la mbele linashika barabara au limening'inia kwenye fimbo iliyofika mwisho.

## Tazama pia

* Breki
* Tairi
* Usukani
* Mkoa wa Mtwara
* Ruvuma (mto)